Projekta au flati kwa banda la gemu la Ngamiani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 24, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Nimepata fremu ya futi 10 kwa 12, mlango unatazama barabarani upande wa magharibi, nataka kufungua banda la gemu. PS4 ninazo mbili tayari na bado nina milioni moja taslimu. Kaka yangu aliyeko Dar anasisitiza ninunue projekta moja, ukuta mzima uwe skrini, wateja wajae wenyewe. Ameiona moja mtandaoni kwa laki tatu na nusu, imeandikwa lumeni 9,000 na kwamba inasoma 4K. Duka la hapa mjini flati ya inchi 43 ni laki tano na nusu, ya inchi 32 ni laki mbili na themanini. Nichukue ipi? Na TV ya chogo aliyoniachia marehemu baba, bado nzima, niiuze kwa wa vyuma chakavu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa fremu.

Nunua TV. Nimelitanguliza jibu kwa sababu najua pesa iko mkononi na kaka yako anapiga simu kila jioni. Sasa kaa nikueleze kwa nini, maana utahitaji kumjibu.

Wanaouza vitu hivi huanza na ukubwa wa picha. Mimi nataka tuanze na kidole. Mchezaji akibonyeza kitufe cha shuti, amri inatoka kwenye padi, inaingia PS4, gemu linapiga hesabu zake, picha inachorwa, inapita kwenye waya wa HDMI na kufika kwenye TV au projekta. Wengi wanadhani safari imeishia hapo, kumbe bado. Ndani ya TV kuna bodi inayoipokea ile picha na kuanza kuipamba: inasafisha chengachenga, inakoleza rangi, na nyingine huishikilia picha ya kwanza zikingoja ya pili ije, ili zitunge picha ya katikati na mwendo uonekane laini. Kwa tamthilia hilo halina ubaya wowote. Kwa gemu ni sumu, kwa sababu muda wote huo kidole kimeshabonyeza na jicho halijaona kitu.

PS4 inatoa picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha inaishi kama milisekunde 17 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). TV ya kisasa ikiwekwa kwenye mpangilio wa gemu, ule unaopunguza mapambo hayo, huongeza ucheleweshaji wa milisekunde 10 hadi 20 hivi, takriban picha moja. TV hiyohiyo ukiiacha kwenye mpangilio wa sinema inaweza kufika milisekunde 100 na zaidi. Projekta ndogo za bei nafuu nyingi zinacheza kati ya 50 na 100 na kupanda, na mbaya zaidi, hazina mpangilio wa gemu wa kuziponya. Unachonunua ndicho utakachoishi nacho.

Milisekunde 100 mtu anaweza kuiona ndogo. Chukua mshambuliaji kwenye gemu la mpira anayekimbia mita 8 kwa sekunde. Katika milisekunde 100 ameshasogea sentimita 80. Beki wako anatelezesha mguu mahali ambapo mtu hayupo tena, na refa anatoa kadi. Mteja wako, kijana aliyetoka Makorora na sarafu zake mkononi, hatasema projekta inachelewesha picha. Atasema padi zako mbovu. Atasema hivyo mara mbili, halafu utamwona amekaa kwenye banda la mtaa wa pili.

Hili limenikuta nyumbani kwangu. Miaka kadhaa iliyopita niliwafungia wanangu projekta ya taa sebuleni, ya mtumba lakini nzuri. Nafasi ya kuiweka katikati ya chumba sikuwa nayo, nikaiweka juu ya kabati pembeni, picha ikatoka mshazari, nikainyoosha kwa ile menyu ya kusahihisha pembe. Picha ikakaa sawa kabisa. Mwanangu mdogo akaanza kufungwa mechi zote na binamu yake, analia kwamba akibonyeza haendi. Nilibadilisha padi ya kwanza, nikabadilisha ya pili. Siku ya tatu nikakaa mwenyewe, nikabonyeza, nikaona kwa macho yangu: kidole kimeshafika chini, mchezaji bado amesimama. Kule kunyoosha picha kwa menyu kulikuwa kunailazimisha mashine kuichora upya kila picha kabla ya kuitupa ukutani, na kulikuwa kumezima mpangilio wa gemu bila kuniambia. Nilipoisogeza ikae mbele ya ukuta moja kwa moja na kufuta masahihisho yale, mtoto akaacha kulia. Tangu hapo, mtu akiniambia padi zake zote zimeharibika kwa mkupuo, swali langu la kwanza ni anachezea kwenye nini.

Kaka yako huenda ameona projekta kwenye vibanda umiza, watu mia wamekaa kwenye mabenchi wanaangalia mpira, picha kubwa, raha tupu. Ni kweli, na pale projekta inastahili. Lakini anayeangalia mpira hana padi mkononi. Picha ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na sauti ikichelewa nayo, hakuna anayejua. Kuangalia na kucheza ni kazi mbili tofauti.

Sasa mwanga. Fremu yako inatazama magharibi, na biashara ya gemu inaanza shule zinapofungwa. Saa tisa alasiri jua linaanza kuingia mlangoni kwako, na mpaka saa kumi na mbili litakuwa limelala juu ya huo ukuta unaotaka kuugeuza skrini. Kabla hujatoa hata shilingi, fanya hivi: bandika karatasi nyeupe kwenye ukuta wa ndani, simama saa kumi jioni uitazame. Jinsi unavyoiona ile karatasi, hiyo ndiyo rangi nyeusi ya projekta yako. Projekta haina uwezo wa kutupa weusi. Inachoweza ni kutotupa mwanga. Penye kivuli, penye nywele za mchezaji, penye usiku wa kwenye gemu, utaona ukuta jinsi ulivyo. TV inawaka yenyewe, na kioo chake ni cheusi hata taa za chumba zikiwa zimewashwa.

Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotupwa na projekta, na zile 9,000 usiziamini. Kipimo cha kuulizia ni lumeni za ANSI, ambacho hupimwa kwa kugawa picha nyeupe sehemu tisa, kupima mwanga wa kila sehemu na kuchukua wastani. Projekta yenye lumeni 9,000 za kweli ni mashine ya ukumbi wa mikutano, bei yake ni ya mamilioni na unaibeba kwa mikono miwili. Hizi za laki tatu, ukizipima kwa ANSI, nyingi zinaangukia kwenye mia moja, mia mbili, zikijitahidi mia tatu. Chukua lumeni 200 uzitandaze kwenye ukuta wa inchi 100, eneo ambalo ni mita za mraba 2.75 hivi. Mng'ao unaorudi machoni, ambao hupimwa kwa niti, ni kama niti 23. TV ya kawaida kabisa ya dukani inatoa niti 250 na kwenda juu. Hata uwe na ukuta mweupe kama kanzu ya Idi, tofauti hiyo huwezi kuiziba.

"Inasoma 4K" nayo ina ujanja wake. Maana yake ni kwamba ukiipa picha ya 4K haitaikataa, itaipokea na kuipunguza mpaka itoshe kwenye nukta ilizonazo yenyewe, vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Picha ya 4K ina nukta zaidi ya milioni 8. Projekta nyingi za bei hiyo zina nukta 1280 kwa 720, hazifiki hata milioni moja, na ziko zenye pungufu ya hapo. Hizo nukta chache ukizivuta zijae ukuta, majina ya wachezaji na ile ramani ndogo ya chini ya skrini vinakuwa ukungu. Muulize muuzaji nukta za asili za mashine ni ngapi. Akikujibu kwa kurudia neno 4K, umeshajua.

Utaniambia utafunga mlango na kuweka pazia zito. Mdogo wangu, wewe umezaliwa hapa. Unaijua Februari ya Tanga, joto na unyevu wa bahari kwa pamoja. Ndani ya fremu iliyofungwa wakae vijana wanane, PS4 mbili zinapuliza moto, na projekta juu inapuliza wake. Na kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hata joto: mama anayemtafuta mwanawe jioni anataka apite barabarani amwone. Banda lenye mlango wazi na taa linaaminika mtaani. Banda la giza lenye pazia, hata kama ndani mnacheza mpira tu, litaitwa jina jingine, na mjumbe atakuja kukuuliza. Kwa hiyo mlango wako uwe wazi, na ukiwa wazi, projekta haina kazi mchana.

Nafasi yenyewe ni finyu. Projekta za kawaida zinataka umbali wa kama mara moja na nusu ya upana wa picha. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2, kwa hiyo inataka mita 3.3. Urefu wote wa fremu yako ni mita 3.6. Ina maana mashine iko nyuma ya kila mtu, na kila anayesimama kushangilia goli anaweka kivuli cha kichwa chake golini. Ukiining'iniza juu, kama fremu haina siling'i bodi, unaiweka chini ya bati. Chini ya bati saa nane mchana ni tanuri, na projekta ni kifaa kinachoishi kwa kupoa.

Hapo kwenye kupoa ndipo ile yangu ilipofia. Jioni moja umeme ulikatika ghafla. Projekta ya taa ukiizima vizuri, feni yake inaendelea kuzunguka dakika moja au mbili hadi taa ipoe. Umeme ukikatika, feni inasimama palepale na joto lote linabaki ndani. Umeme uliporudi baada ya dakika chache wanangu wakaiwasha, nikasikia mlio mdogo, pap, kama yai linaloangukia sakafuni. Taa imepasuka. Kuipata taa nyingine ilichukua wiki kadhaa na bei yake ilikaribia nusu ya bei niliyonunulia mashine nzima. Taa hizo hata zikitunzwa huishi kama saa 3,000 hadi 5,000. Banda linalokaa wazi kwa muda wa saa kumi kila siku linazimaliza ndani ya mwaka mmoja au mwaka na nusu. Za LED na leza zinafika saa 20,000 na hazina ugonjwa huo wa kupasuka, lakini za leza zenye mwanga wa kutosha bajeti yako haizigusi.

Umeme utaupigia hesabu mwenyewe kwenye LUKU. Projekta ya taa yenye mwanga wa maana inakula kama wati 280. Saa kumi ni uniti 2.8 kwa siku. Flati ya inchi 43 inakula kama wati 80, uniti 0.8.

Projekta inazo sifa zake, na nikizificha nitakuwa nimekudanganya. Ukuta haupasuki. Kijana aliyefungwa dakika ya 90 akirusha padi, kwenye ukuta inadondoka tu; kwenye flati umepoteza mtaji. Kioo cha TV kikipasuka hakuna fundi wa kukusaidia, nikiwemo mimi, maana kioo kipya kinakaribia bei ya TV mpya. Na usiku, kwenye uwanja au ukumbi wenye giza, fainali ya mashindano ya mtaa ikioneshwa inchi 120, hakuna TV ya kuifikia raha hiyo. Siku biashara ikisimama imara, kodi projekta kwa usiku ule mmoja. Ukija kununua yako, dai lumeni 3,000 za ANSI, nukta za asili 1920 kwa 1080, na mpangilio wa gemu usiozidi milisekunde 20. Zipo: BenQ, kwa mfano, wanazo za michezo zinazoshuka mpaka milisekunde 8 hivi zikiendeshwa kwa picha 120 kwa sekunde. Bei yake ni ya kampuni, si ya fremu.

Kwa milioni yako, mimi ningechukua inchi 43 moja na inchi 32 moja. Hiyo ni laki nane na thelathini. Skrini mbili ni foleni mbili, na moja ikiugua siku ya Jumamosi hujafunga duka. Laki na sabini inayobaki isiende kwenye mapambo. Nunua vile vifaa vya kulinda umeme ambavyo watu hufungia friji, kimoja kwa kila meza, maana umeme ukirudi kwa kishindo hauchagui. Nunua waya za HDMI za akiba. Na mtafute fundi seremala akutengenezee meza yenye kina cha mita moja, TV ikae nyuma yake ukutani, padi ziwe na kamba iliyofungwa mezani. Hapo hata hasira ikija, padi haifiki kwenye kioo.

Dukani usikubali kuoneshwa zile video za samaki wa rangi na maua. Nenda na PS4 yako kwenye begi. Omba ichomekwe, kisha ingia kwenye mipangilio ya picha uone kama kuna neno "Game". Kama halipo, rudisha begi begani. Likiwepo, tumia simu inayorekodi mwendo wa polepole, zile zinazochukua picha 240 kwa sekunde. Mwambie mwenzako ashike padi mbele ya skrini, kidole na skrini vyote vionekane, asogeze menyu ya PS4 kulia, kushoto, mara tano sita. Kisha pitisha ile video picha moja moja, uhesabu kuanzia kidole kinapofika chini hadi menyu inaposogea. Kila picha ya simu ni kama milisekunde 4. Mashine nayo ina kuchelewa kwake, kwa hiyo usiogope ukihesabu picha kadhaa. Linganisha TV na TV, na mpangilio wa gemu ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa. Ukiona tofauti ya picha 15, hizo ni milisekunde 60 ambazo zingekuwa zinaibiwa kwa wateja wako kila shuti.

Kisha simama pembeni kabisa ya TV. Kwenye banda wachezaji ni wawili lakini watazamaji ni sita, wamebanana ukutani. Kuna vioo ambavyo ukivitazama ubavuni rangi zinafifia kama nguo iliyoanikwa juani mwezi mzima. Usichukue. Na muuzaji akitaka kukuongezea bei kwa sababu TV ni ya herzi 120, yaani picha 120 kwa sekunde, mwambie PS4 yako inaishia 60. Siku ukihamia PS5 tutazungumza upya.

Ukifunga, tumia sabufa ya waya. Ya bluutuu inachelewesha sauti, mpira unaonekana wavuni kabla kishindo hakijasikika. Na tafadhali, HDMI ichomekwe vyote vikiwa vimezimwa na kutolewa kwenye soketi. Nyumba nyingi hapa hazina waya wa ardhini wa uhakika, ndiyo maana wakati mwingine ukigusa kasha la mashine unahisi kama sisimizi wanakutembea kidoleni. Umeme huohuo mdogo ndio unaounguza tundu la HDMI pale mtu anapochomeka na kuchomoa mashine zikiwa zinawaka. Nimetengeneza PS4 nyingi kwa kosa hilo kuliko kosa jingine lolote. Karibu na bahari, usiku funika vifaa kwa kitambaa vikishapoa, asubuhi ufunue. Chumvi ya hewani inakula miguu ya waya polepole.

Chogo la baba usiliuze. TV hizo nyingi hazina bodi ya kupamba picha. Ishara ikiingia inachorwa palepale, ndiyo maana wazee wa gemu wanasema vidole vyao vilikuwa vyepesi zamani. PS4 haichomekeki humo moja kwa moja, lakini PS2, ile ya mwaka 2000, ilitengenezewa TV za aina hiyo, na picha yake humo inatulia kuliko kwenye flati yoyote. Iweke kwenye kona ya mlangoni, utafute PS2 ya mtumba, uwape watoto wadogo kwa bei ya chini wakati kaka zao wanangoja zamu. Ila usiifungue mfuniko wa nyuma hata kama umeichomoa tangu jana, maana ndani inatunza umeme wa kuua mtu. Ikigoma kuwaka, niletee mimi.